Jicho Moja kwa Kila Watu Mia

Mwezi uliopita nilishuka tramu Saint-Gilles, hapa Brussels, kumtafutia binti yangu viatu vya shule, na nilipokunja kona nikakutana na harufu ya pilipili hoho zinazochomwa motoni hadi ngozi kuwa nyeusi. Mtu wa ghorofa ya chini alikuwa ameacha dirisha wazi. Nikasimama pale pale, watu wakinipita na mifuko yao ya sokoni, hata binti yangu akanivuta mkono na kuniuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi jikoni kwa Madame Rada, nina miaka minane, jicho langu la kulia limezibwa kwa plasta, miguu inaning'inia kitini, na mumewe ananieleza jinsi falme mbili zilivyopigania mlima mmoja vizazi kwa vizazi.

Nyinyi wenzangu mliokulia hapa mnazijua nyumba zile. Zilijengwa kwa ajili ya matajiri wa zamani, kisha zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha, ngazi zake za mbao zikilia kila unapokanyaga. Mimi na mama tulikaa juu kabisa, chini ya paa. Mama ni mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko, chenye "njo" badala ya "ndiyo", kimechanganyika na Kifaransa. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, kwa mume wangu wa Tanga, na hadi leo mama akinisikia kwenye simu husema ninaongea kama redio.

Mama alifanya kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Koekelberg. Aliondoka kabla sijaamka vizuri, akarudi jioni, viganja vyake vimekunjamana kwa maji na sabuni. Kwa hiyo kila nilipotoka shule nilipokelewa na Madame Rada wa chini, mwanamke mnene wa Bulgaria aliyemfuata binti yake Ubelgiji, na binti huyo naye akaolewa na kuhamia mbali. Mume wa Madame Rada, Monsieur Stoyan, alikuwa kipofu. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele. Baadaye sana niliambiwa kwamba aliunguzwa na chokaa akiwa kazini, kwenye ujenzi, lakini wakati ule hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Mtoto asipoambiwa jambo hujitafutia jibu mwenyewe.

Plasta niliwekewa na daktari wa macho. Jicho langu la kushoto lilikuwa vivu, likikubali kila kitu kifanywe na mwenzake. Dawa yake ilikuwa kuliziba lile zima ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kila asubuhi kabla ya kuondoka mama alinibandikia plasta mpya, rangi ya ngozi ya wazungu, na mimi nikaenda shule nikiuona ulimwengu kama kupitia kioo cha bafuni. Watoto waliniita haramia. Sikuwajali sana, kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingine kichwani. Nilikuwa namngoja baba.

Nilipokuwa mdogo zaidi nilimuuliza mama, akiwa anakunja nguo, "Papa eko wapi?" Akakunja shati moja, akakunja la pili, halafu akasema, "Eko mu njia." Basi. Nikauliza tena mwaka uliofuata, jibu likawa lilelile. Nikajua kuna njia ndefu mno kutoka Bukavu hadi Brussels, na kwamba baba yuko mahali fulani humo, anatembea.

Jumapili baada ya misa alikuja Tonton Anselme, mdogo wake baba, aliyekaa Ixelles. Alileta samaki waliokaushwa na habari za nyumbani, na habari zote zilikuwa za vita. Mimi nikichora sakafuni, wao wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Kila siku mupaka, mupaka," Tonton alisema. "Leo bale banasema mulima ni yabo, kesho bengine banasema ni yabo. Ile milima haishibake batu."

"Acha, Anselme. Mutoto anasikia."

"Njo vile, Maman Sifa, mutoto anakomaa. Iko siku ataulizia vizuri, utamujibu nini?"

"Bon. Kunywa chai yako."

Sifa ndiyo mimi. Nilisikia yote, nikashika mawili: kuna mlima, na kuna watu wawili wanaougombania.

Sasa fikirini nilivyoshtuka siku ile Madame Rada akichoma hoho zake za kuhifadhi kwa ajili ya baridi, jikoni kumejaa moshi mtamu, na Monsieur Stoyan akaanza kusimulia kisa hichohicho. Alikuwa amechoshwa na kelele zangu, nadhani, akataka nikae. Akaniambia nimpe chumvi na kipande cha mkate. Akaweka chumvi upande mmoja wa meza. "Hawa ni Wagiriki," akasema kwa Kifaransa chake cha kukwaruza. "Mfalme wao anakaa kwenye mji wa dhahabu kando ya bahari." Akaweka mkate upande wa pili. "Hawa ni sisi. Nasi tuna mfalme wetu." Kisha akachukua kisu cha mezani akakilaza katikati. "Na huu ni mpaka. Hapa kuna milima."

Akaanza kukisogeza kile kisu. Babu anakisukuma huku, akasema, anachukua ngome tatu. Mjukuu wa yule mwingine anakisukuma kule, anazirudisha na kuongeza moja. Wanapatana, wanaoana, watoto wa hawa wanabatizwa kanisa moja na watoto wa wale, halafu anazaliwa mmoja asiyeweza kulala kwa sababu ya milima, na kisu kinasogea tena. Vidole vyake vilikitafuta kisu pale kilipo, vikakisukuma, vikakitafuta tena. Nilimuuliza waliishi vipi watu waliokuwa chini ya kisu. "Walilima," akasema. "Walivuna wakiwahi."

Mwishowe mfalme wa Wagiriki alikuja na jeshi kubwa. Askari wa Kibulgaria wakaziba bonde kwa ukuta wa magogo, wakasimama nyuma yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyepita. Lakini kikosi kimoja kilipanda mlima kwa njia ya mbuzi, kikashuka upande wa pili, kikawapiga mgongoni. Wakatekwa maelfu. Na mfalme yule hakuwaua. Akawatoa macho.

"Stoyan," mkewe akamkemea kutoka kwenye jiko.

"Ni historia," akasema. "Mimi nilisimuliwa nikiwa mdogo kuliko huyu."

Aliwapanga mia mia, akaendelea. Na katika kila mia alimwacha mmoja na jicho moja, ili awaongoze wenzake nyumbani. Wakashikana mabega, safu baada ya safu, wakaivuka milima ileile waliyoipigania, wakirudi kwao. Mfalme wao alipotoka nje kuwapokea na kuwaona, alianguka chini, na baada ya siku mbili akafa.

Nakumbuka hoho ikipasuka motoni. Nakumbuka nikiyatazama macho yake meupe kwa jicho langu moja bovu, na kila kitu kikakaa mahali pake. Alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana hakuona, na ndiyo maana aliijua habari yote. Na baba naye. Sasa nilielewa kwa nini njia ilikuwa ndefu kiasi kile. Mtu mwenye macho angekwisha kufika. Baba yangu alikuwa kwenye safu, mkono juu ya bega la mtu, akipapasa njia, na safu yao haikuwa na wa kuiongoza. Na daktari, kwa sababu ambazo sikuwa na haja ya kuzijua, alikuwa amenichagua mimi, akaniachia jicho moja.

Leo nikilieleza hili watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini wakati ule sikuwa nacheza. Nilianza kujifunza kazi. Nilimwomba Monsieur Stoyan anikubalie nimwongoze kwenda kununua gazeti ambalo Madame Rada angemsomea, akakubali, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto. Nikajifunza kusema "ngazi" kabla ya ngazi, na "shimo" kabla ya shimo. Nikajifunza kwamba kipofu haburutwi, anatanguliwa. Alinisifu. "Wewe una kipaji," alisema, na mimi nikapokea sifa ile kama mtu anayepandishwa cheo.

Shuleni niliwapanga watoto wa darasa langu uwanjani, wamefumba macho, kila mmoja ameshika bega la mwenziwe, mimi mbele. Tukavuka uwanja mzima. Hawakucheka. Kulikuwa na ukimya wa ajabu, miguu tu ikisugua ardhi, hadi msichana mmoja wa katikati akaogopa akaachia, na waliokuwa nyuma yake wakagonga mti. Mwalimu akaja mbio. Akaniuliza mchezo huo unaitwaje. Nikamwambia si mchezo.

Baada ya miezi kadhaa daktari alinifanyia majaribio ya herufi na picha, akafurahi. Jicho la kushoto limeamka, akasema. Plasta basi. Mama akapiga makofi pale pale ofisini, akamshukuru Mungu kwa Kimashi, lugha ya kwao, ambacho alikitumia kwa furaha kubwa tu na kwa hasira kubwa. Mimi nilihisi kama nimefukuzwa kazi.

Boksi mbili za plasta zilikuwa zimebaki kabatini. Kuanzia siku iliyofuata nilijibandika mwenyewe kwenye choo cha shule, na jioni nikabandua kwenye ngazi nikisikia mlango wa chini ukifunguliwa na mama. Madame Rada aliiona kila siku, akadhani ni amri ya daktari. Yeye na mama walisalimiana tu na kupeana sahani. Kifaransa cha kila mmoja hakikufika kwa mwenzake.

Tuliporudi kwa daktari, alinipima jicho la kulia, akapima tena. Akavua miwani yake. Akamuuliza mama, taratibu, kama bado naliziba. Mama akaapa kwamba hapana. Daktari akasema jicho zuri nalo sasa linalala, na likiachwa hivyo linaweza lisiamke. Akanigeukia, na mama akanigeukia, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama hakunichapa. Alitembea nami hadi kituo cha tramu, tukapanda, tukakaa, tramu ikaenda vituo vitatu, ndipo akauliza, "Ju ya nini, Sifa? Uko unatafuta kukuwa kipofu?"

"Nikitoa, nani ataleta Papa?"

"Unasema nini?"

"Papa haoni njia. Bale balimutoa macho. Lazima muntu wa jicho moja amulete."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Haukukasirika, haukulia. Ulikuwa kama nyumba ambayo taa zinazimwa ndani, chumba baada ya chumba. Nikamweleza yote: chumvi, mkate, kisu, mia mia, mfalme aliyeanguka. Watu ndani ya tramu walitutazama. Tuliposhuka alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, na hakupanda ngazi kwenda kwetu. Aligonga kwa Madame Rada kwa ngumi.

"Mmemwambia nini mtoto wangu?" aliuliza kwa Kifaransa, kabla mlango haujafunguka wote. "Mmemwambia nini kuhusu mume wangu?"

Madame Rada akarudi nyuma, amebeba kitambaa cha kufutia vyombo. Monsieur Stoyan alikuwa kwenye kiti chake. Mama akamsimulia kwa Kifaransa kilichokatikakatika, na kadiri alivyoendelea, mzee yule alizidi kuinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Madame, kisa hicho kina miaka elfu moja."

"Kwangu mimi kina miaka minane!"

"Sikujua," alisema. "Ilikuwa ni hadithi ya vita vya zamani. Mpaka ule leo watu wanauvuka kwenda kununua zeituni. Sikujua mtoto ana mtu wake njiani."

"Hana mtu njiani," mama akasema.

Kisha akasita. Alikuwa amelisema mwenyewe, kwa lugha isiyo yake, na nadhani ndiyo maana lilimtoka. Akavuta kiti akakaa, koti hajalivua, akanisimamisha katikati ya magoti yake. Aliendelea kwa Kiswahili, na wale wazee wawili wakabaki kimya kama watu waliokuta sala imeanza.

"Sifa, sikia. Papa yako hayuko mu njia. Mimi njo nilikudanganya. Papa yako alikufaka."

"Lini?"

"Zamani. Weye ulikuwa mu mugongo yangu."

"Ku vita?"

"Hakukuwa askari, mwana wangu. Alikuwa muntu wa kushona nguo. Tulikuwa tunakimbia na batu bengi, mu barabara ya milima. Bakapiga masasi na bunduki."

"Banani?"

"Sijue. Bale ao bale. Kila mumoja alisema ile mulima njo yake."

Nilifikiri. Kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kulijua, na niliogopa kuliuliza.

"Na macho yake? Balimutoa macho?"

"Hapana." Akanishika mashavu kwa viganja vyake vyenye mikunjo. "Hapana, mama. Macho yake ilikuwa muzima, yote mbili. Alituangalia, mimi na weye. Njo mimi niliyafunga, na huu mukono."

Madame Rada hakuelewa hata neno, lakini alikwenda akazima gesi. Monsieur Stoyan akauliza kwa sauti ndogo kumesemwa nini, na mama hakuweza kumjibu, kwa hiyo nilijibu mimi, kwa Kifaransa, "Baba yangu amekufa." Akashika ukingo wa meza, akasimama, akatamka maneno ya kwao. Mkewe akafanya ishara ya msalaba. Wala sikulia. Kilio kilinijia siku tatu baadaye, darasani, kwenye somo la hesabu, na mwalimu alidhani nimeshindwa kugawanya.

Kwa nini alinificha? Nilimuuliza nilipokuwa mtu mzima, nimezaa. Alisema hakupanga. Niliuliza mara ya kwanza akiwa anakunja nguo, amechoka, na neno "alikufa" lilikuwa bado kubwa kuliko mdomo wake. Akatoa lililokuwa dogo. Halafu lile dogo likakaa nyumbani kama mgeni ambaye hakuna anayejua jinsi ya kumwambia aondoke. Tonton Anselme alimsihi miaka yote ile. Lakini kusema ingekuwa kumzika, na yeye alikuwa amemwacha kando ya barabara, amefunikwa kwa kitenge chake mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wanakimbia na mimi nilikuwa nalia mgongoni.

Ninafikiri wakati mwingine kuhusu wale askari wa zamani. Monsieur Stoyan alikimalizia kisa pale mfalme anapoanguka, na waliomsimulia yeye nao walikimalizia hapohapo. Hakuna aliyesema habari za kesho yake. Maelfu ya wanaume walifika kwenye vijiji vyao, wakaingia kwenye milango ambayo hawakuiona, na mtu fulani ilibidi awakalishe, awaogeshe, awaambie nani bado yupo na nani hayupo. Mama alifanya kazi hiyo maisha yake yote, kwa wazee wa watu wengine, lakini kwetu alichelewa. Simlaumu. Jicho langu liliamka, si lote, na miwani ninayovaa leo inatosha.

Jumapili baada ya siku ile ya tramu tulifanya matanga, miaka minane baada ya kifo. Tonton Anselme alipoambiwa kwamba sasa najua, alikaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, mwanamume mzima na suti yake ya misa. Wamama wa kanisani walikuja na sombe ya majani ya muhogo na ugali wa fufu, wakavua viatu, wakakaa chini kwenye mikeka na blanketi, wakaimba. Chumba chetu cha chini ya paa kilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi.

Alasiri wakapanda Madame Rada na mumewe, polepole, ghorofa zote nne. Madame Rada alikuwa amebeba bakuli la ngano iliyochemshwa, imechanganywa na sukari na njugu za jozi zilizopondwa. Kwao ndivyo wanavyowalisha waliofiwa.

"Hii njo nini?" mmoja wa wamama akauliza.

"Ngano," nikasema. "Ya wafu."

"Alors, lete hapa." Akachota kijiko, akaonja, akampa jirani yake, na bakuli likazunguka chumba kizima likarudi tupu.

Monsieur Stoyan alipewa kiti, peke yake miongoni mwa watu waliokaa chini. Alikunja mikono juu ya fimbo, akasubiri wimbo uishe, kisha akaniuliza kwa Kifaransa jina la baba yangu lilikuwa nani. Nikamwambia, Bahati. Akalirudia, akalikosea, nikamsahihisha. Akasema, "Muulize mama yako alikuwa mtu wa namna gani."

Nikamuuliza. Watu wakageuka kumtazama. Hata Tonton akaacha kupenga kamasi. Mama alikuwa ameketi ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa, na niliogopa kwamba zile taa zitazimika tena usoni mwake. Kisha pembe ya mdomo wake ikatetemeka.

"Alikuwa anaogopa kuku," akasema.

"Eeh!" Tonton Anselme akapiga paja lake. "Ile jogoo ya kwa jirani, Maman Justine! Alipanda juu ya meza, Mungu wangu, na mukasi mu mukono!"

Na mama akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akajifunika uso kwa kanga, akacheka tena, na wamama wakacheka naye na kumshika mabega. Mimi nikageuka nikamtafsiria Monsieur Stoyan, neno kwa neno, kwamba baba yangu, fundi wa nguo wa Bukavu, alikuwa anaogopa kuku. Lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kuambiwa juu yake kwa kicheko.